Kisu Nilichokiachia Meno ya Tupa

Machi 4

Mimi nilizaliwa na bahati kama wengine wanavyozaliwa na kichogo: hata nikivaa kofia inaonekana. Miaka ishirini na sita nafua visu, na sijawahi hata siku moja kupasua chuma kwenye maji. Wahunzi wenzangu wanapasua, wanalia, wanalaani mkaa. Mimi nazamisha, natoa, nafuta, naimba. Nayaandika haya kwa wino ili wajukuu wangu wayakute.

Daftari nimeletewa na binti yangu, mwalimu wa darasa la tatu. "Baba, andika kila kazi: chuma gani, umekichonga vipi, umekipoza kwa kitu gani. Kila siku unaniuliza mimi ulichofanya mwezi uliopita." Nikamwambia mimi shule niliiacha darasa la sita kwa kuwahurumia walimu, walikuwa wamebakiwa na maswali machache. Akacheka, akaniachia na kalamu.

Haya, kazi ya leo. Kisu cha shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Ni mkata njia wa kikosi cha wapima misitu: yeye anatangulia kufyeka, wenye vipimo wanafuata. Wiki ijayo wanaingia porini kwa msimu mzima wa mvua. Anataka kisu cha kuchonga vigingi, kukata kamba, na kupasulia kuni zilizolowa ili apate moyo mkavu wa kuwashia moto. Alinijia na heshima zake zote. Huyu bwana tunamwita Mpole. Hata nzi anamwomba radhi kabla ya kumfukuza. "Shemeji," akasema, "nataka kigumu tu. Sura haina shida."

Sura haina shida! Kumwambia hivyo fundi kama mimi ni tusi, basi tu hakujua.

Chuma nilikuwa nacho cha aina tatu. Springi ya lori: haivunjiki ovyo, unaipinda inarudi, lakini kila mhunzi wa kichochoroni anayo. Bamba lile lisiloshika kutu: linang'aa kama meno ya mgombea, ila jiko langu haliliwezi, na makali yake yanalala mapema kama mtoto. Na tupa kuukuu ya fundi vyuma, ndefu kama mkono kutoka kiwiko. Tupa inashika makali kuliko vyote. Ni ngumu kama mama mkwe, na kama mama mkwe, ukiikosea heshima inavunja nyumba. Nikachagua tupa.

Ubavu nikauchonga bapa, mwembamba, kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, kinyoe mpaka malaika ya mkono. Na karibu na mgongo nikaacha ukanda wa meno ya tupa bila kuyasaga. Yamekaa kama magamba ya nyoka. Kila atakayekishika ataona hiki kilikuwa tupa, na atauliza ni nani huyo aliyeigeuza. Kisha motoni, kisha majini. Kimetoka kimenyooka kama rula. Miwani, mchomeleaji wa jirani, akapaza sauti nyuma ya ukuta wa mabati, "Fundi, umevunja glasi?" Nikamjibu kijiko kimeanguka.

Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema. Langu limejaa na linavuma vilevile.

Machi 5

Mvua. Nimekipasha kisu taratibu katika oveni ya mke wangu, kukilegeza kidogo baada ya maji, mpaka kikapata rangi ya majani makavu. Mke wangu anasema mkate wake sasa una ladha ya karakana.

Machi 7

Nikipiga msasa nimeona kistari kimoja katikati ya meno ya tupa, kama unywele uliodondoka. Nimekipuliza, hakikuondoka. Mkwaruzo. Tupa ya zamani haikosi mikwaruzo, na hata mimi ninayo. Nimepaka mafuta, kikapotea.

Machi 8

Nimemkabidhi Mpole kisu chake leo mbele ya watu. Amekipokea kwa mikono miwili. Nikamnyoa malaika ya mkono kwa kisu hichohicho, Miwani akapiga makofi, mdogo wangu akasema, "Kaka, utamnyoa na ndevu sasa, mimi nimeshindwa." Mpole akakigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya magamba.

"Shemeji, hiki ni cha kutundika ukutani."

"Ukutani tundika saa. Hiki nenda nacho kazini."

Halafu nikamwambia, asikigonge mgongoni. Kisu si shoka. Nikamwambia tena wakati anavaa viatu. Nikamfuata mpaka nje, mvua inaninyeshea, nikamwambia mara ya tatu. Akasema, "Nimesikia, shemeji. Sitakigonga."

Mke wangu ameniuliza tangu lini nawapa wateja mahubiri. Nimemwambia fundi mkubwa hutoa na maelekezo.

Machi 11

Wameondoka.

Machi 12

Mvua. Mapanga mawili ya kunoa.

Machi 13

Mvua. Si kitu.

Machi 19

Mkuu wa kikosi amenipigia simu kutoka kambini! Vijana wake wote wamekiona kisu cha Mpole na sasa wanataka vya kwao. Visu kumi na viwili, vyote viwe na magamba. Nimezunguka mtaa mzima kuwatangazia, nikarudi nimelowa chepechepe kama taulo, na bado nikatoka tena kumweleza muuza mkaa aliyekuwa amefunga duka wakati ule.

Leo bahati haitoshi kwenye kofia, inataka gunia.

Machi 20

Sijalala vizuri. Mvua inapiga mabati. Kila tone linalia *ti*.

Machi 27

Mdogo wangu amekuja asubuhi bila mwavuli. Mpole ameumia, yuko zahanati tangu juzi.

Ilikuwa hivi. Mvua iliwakamata mbali na kambi. Mmoja wao, mpima mzee kidogo, alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Kuni zote zimelowa. Mpole akachukua kipande kinene cha kuni, akaweka kisu juu yake, akakigonga mgongoni kwa gogo ili akipasue, apate moyo mkavu. Pigo la kwanza kikaingia. La pili kikavunjika. Kipande cha mbele kikaruka, kikamkata shina la gumba la mkono wa kulia. Mshipa unaokunja gumba umekatika. Wameushona.

Nikauliza kama yule mzee aliyekuwa anatetemeka amepona. Ndilo swali la kwanza lililonitoka, sijui kwa nini.

"Amepona," mdogo wangu akasema, "wakambeba. Lakini mume wangu, kaka! Wewe ulimwambia! Ulimfuata mpaka kwenye mvua! Kaka yangu anampa kisu cha maisha, yeye anakigeuza shoka." Akalia, akacheka, akalia tena. "Mwanaume mzima haelekezeki."

Nikamwambia asimlaumu. Ndivyo nilivyosema. Nilisema asimlaumu, kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Machi 28

Mkuu wa kikosi amepiga simu.

"Fundi, nauliza kwa ajili ya ripoti tu. Kile kisu, ulimpa na maelekezo yoyote?"

"Nilimwambia asikigonge mgongoni."

"Una hakika?"

"Mara tatu. Mke wangu shahidi. Mchomeleaji shahidi."

"Basi vizuri. Nilijua kazi yako haina kasoro. Vile kumi na viwili viko palepale."

Nimeshukuru. Nimesema asante mara mbili.

Machi 30

Mpole amekuja karakana, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka kiwiko. Alikuwa na kitambaa mkono wa kushoto, vipande viwili vya kisu vimefungwa ndani kama vitu vya marehemu.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Uliniamini na kazi yako, nikaiharibu."

Miwani alikuwepo, na wateja wawili. Mwanaume mwenye akili angenyamaza. Mimi mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema.

"Mpole, mimi nilikwambia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na kisu ni nini?"

"Si shoka."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikampiga begani, nikamwambia asijali, chuma nitafua kingine lakini gumba lake silijui kulifua. Wakacheka zaidi. Yeye akatabasamu, akatazama chini. Kitambaa nimekitia kwenye droo ya chini. Sikukifungua.

Sina hamu ya kuandika leo.

Aprili 3

Barua ya kikosi imemfikia Mpole. Mdogo wangu ameniletea niisome, eti mimi msomi. *Aliumia kwa kutumia kifaa kinyume na maelekezo ya fundi aliyekitengeneza.* Kwa hiyo ameondolewa kwenye kazi ya porini, na nafasi yake itajazwa na mtu mwingine mwishoni mwa Aprili, isipokuwa atoe maelezo mengine kabla ya tarehe thelathini. Matibabu yaliyobaki ni juu yake.

"Atoe maelezo gani?" mdogo wangu akasema. "Ukweli wenyewe ndio huo."

Nikamrudishia barua. Nimeishika mahali pale palipoandikwa *fundi* mpaka karatasi ikalowa jasho.

Aprili 6

Mpole ameanza kuja karakana kila asubuhi. Nyumbani hakukaliki, anasema, mke wake anamwita Shoka. Amekaa kwenye mvukuto wa kupulizia moto, anauvuta kwa mkono wa kushoto. Moto wake ni mzuri. Haongei mpaka aulizwe. Nimemwambia asije, apumzike. Amesema, "Nisaidie tu, shemeji, nisiwe wa kukaa."

Aprili 7

Nimevichonga visu vinne vya kikosi. Springi ya lori. Ubavu nimeutunisha kama tumbo la samaki, nyama ya kutosha nyuma ya makali, na hapana meno wala magamba. Nimevizamisha kwenye mafuta ya moto, siyo maji. Vimetoka salama vyote vinne, na kila kimoja nimekigonga kwa ukucha nikasikiliza. Vimelia kama kengele ya baiskeli.

Sikuimba.

Aprili 8

Mvua. Vitatu zaidi. Salama.

Aprili 9

Mpole ameniuliza leo. "Hivi unavitunisha ubavu. Changu ulikichonga chembamba. Kipi bora kwa porini?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea mtu." Nikageuka kutafuta nyundo ambayo nilikuwa nimeishika.

Aprili 14

Mkuu wa kikosi amepita mwenyewe, na buti zake za matope. Ni mtu mrefu, anainama kwenye mlango wangu kama anaingia kwenye banda la kuku. Ameviangalia visu saba. Amevisifu. Kisha akakuna kidevu.

"Mbona havina magamba, fundi?"

"Hivi ni imara zaidi."

"Lakini vijana wanataka magamba. Kile cha Mpole kingekuwa bado kipo lau si ujinga wake. Hawa nimewaambia, atakayekigonga atamfuata Mpole nyumbani."

Mpole alikuwa pale pale kwenye mvukuto. Mkuu hakumwona, au alimwona. Mvukuto haukusimama hata pigo moja.

Ningesema basi. Mdomo huu ambao hata kwenye matanga unachekesha, ungefunguka tu. Nikasema, "Ijumaa ya wiki ijayo njoo uone chenye magamba."

Aprili 15

Nimechukua tupa nyingine. Nimeacha meno. Nimechonga bapa. Majini. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ningepigiwa tarumbeta nisingesikia. Nimekitia kwenye oveni nikijiambia kwamba kama hiki kitakuwa kizima, basi labda na kile kilikuwa kizima.

Aprili 16

Kimepasuka. Nimekigonga kwa ukucha kikalia kama chungu chenye ufa.

Na hapa ndipo nilipojimaliza, kwa mdomo wangu mwenyewe. Mpole aliuliza, "Utajuaje ufa ulianza lini?" Na mimi nikiulizwa kuhusu chuma ni kama jogoo kuonyeshwa jua. Nikakibana kisu kwenye jiliwa, nikakipiga nyundo, kikakatika. Nikamwonyesha.

"Tazama. Hapa panang'aa kijivu kama chumvi, si ndiyo? Hapa pamevunjika sasa hivi. Na hapa, karibu na mgongo, pana rangi ya kahawia. Hapa palikuwa pamekwisha kupasuka majini. Kisu kilipokwenda kwenye oveni, moto ukaingia ndani ya ufa ukapapaka rangi. Ufa wa zamani haukosi rangi. Huu ulianzia kwenye jino la tupa, unaona? Kila jino ni mfereji, maji yanaanzia hapo kuchana. Ndiyo maana fundi mwenye akili husaga meno yote kabla ya…"

Nyundo nikaiweka chini.

Mpole alikuwa ameshika kile kipande kwa mkono wa kushoto. Amekitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe." Akarudi kwenye mvukuto.

Aprili 17

Nimefika asubuhi nimekuta kile kitambaa cha kwenye droo kimefunguliwa juu ya fuawe, chuma ninachofulia. Vipande viwili vya kisu chake vimelazwa ubavu kwa ubavu, mahali palipovunjika pananitazama. Theluthi nzima ya upana, kuanzia kwenye magamba, ni kahawia.

Mpole alikuwa anachochea mkaa. "Leo mkaa una unyevu, shemeji," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Una unyevu."

Ndiyo maneno yote ya siku ya leo.

Aprili 18

Mvua. Amekuja. Hakusema kitu.

Aprili 19

Mvua. Amekuja na chai kwenye chupa, tumekunywa. Hakusema kitu. Kitambaa bado kiko pale, nafua pembeni yake.

Aprili 20

Angenitukana! Mtu akikutukana unapata pa kushika. Huyu ananimiminia chai.

Nimemtazama leo akijaribu kufunga kamba ya kiatu. Gumba halikunji. Ameifunga kwa vidole vinne na meno. Nikamsogelea nimsaidie, akasema, "Nimezoea sasa." Huyu ndiye mtu niliyemchekesha mbele ya wateja kwa kumuuliza kisu ni nini. Miaka yote nimemwona ni mtu laini asiye na neno. Sikujua kwamba neno analo, ila analibeba.

Aprili 21

Nimejaribu kuandika barua kwa mkuu wa kikosi. Nimempa binti yangu airekebishe, si aliyeniletea daftari ni yeye. Amesoma kimya, kalamu nyekundu mkononi kama ananisahihishia hesabu.

"Baba, umeandika kisu kilipata ufa kutokana na hali ya maji."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Maji yalijileta yenyewe?"

Nikaandika tena. Safari hii nikalaumu tupa, kwamba ilikuwa ya zamani. Akaisoma. "Tupa ilijichagua?"

"Wewe mtoto una heshima kweli?"

"Ninayo, baba. Ndiyo maana sijakuuliza kama ulijua."

Amenikalia mbele pale mezani, mama yake anajifanya anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikaandika mara ya tatu. Hakuweka alama yoyote nyekundu. Aliikunja, akanirudishia, akanishika bega. Hilo bega hajalishika tangu alipokuwa na miaka tisa.

Aprili 24, Ijumaa

Mkuu wa kikosi alisema atakuja, akaja. Nilikuwa nimejipanga nimsubiri Mpole aende kunywa chai ndipo niseme. Hata kwa kusema kweli nilitafuta pa kujificha. Mpole hakwenda. Miwani naye alikuwa mlangoni, amekuja kuazima koleo.

"Haya fundi, magamba yako wapi?"

Nikachukua vile vipande viwili kutoka kwenye fuawe, nikampa.

"Hiki ni cha Mpole."

"Nakiona."

"Tazama hapo pana kahawia. Hapo palipasuka hapa karakanani, tarehe nne Machi, nilipokitia majini. Chuma nilichagua vibaya. Kwa kazi ya porini ilitakiwa springi, ubavu mnene, mafuta. Nilichukua tupa, nikaichonga nyembamba, nikaiachia meno kwa ajili ya sifa. Ingevunjika hata angekata kamba. Yeye hakukosea. Kupasua kuni ndiyo kazi niliyoambiwa kisu kitafanya."

"Lakini ulimwonya asikigonge. Mara tatu."

"Nilimwonya kwa sababu nilikuwa nimeuona ufa."

Mvua yenyewe ilikuwa imepumzika, hata mvua haikunisaidia. Miwani akaachama mdomo, miwani yake imepandishwa kwenye paji la uso.

"Kijiko," akasema. "Uliniambia kijiko."

"Nilikudanganya."

Mkuu wa kikosi akavifunga vile vipande kwenye kitambaa taratibu, akavitia mfukoni pamoja na barua yangu. Akasema barua ya Mpole itafutwa, matibabu yatakuwa juu ya kikosi, na nafasi yake itamsubiri gumba likipona, ikiwa litapona. Vile visu kumi na viwili hakuvitaja, wala sikumuuliza. Alipoinama kutoka mlangoni akasema, bila kugeuka, "Yule mzee aliyekuwa anatetemeka ni kaka yangu."

Nikamwambia Mpole, "Ulijua."

"Tangu siku ile ya kahawia."

"Kwa nini hukusema? Barua ilikuwa ya kwako, kazi ilikuwa ya kwako!"

Akaangalia mkono wake. "Wewe ni kaka wa mke wangu. Ningeanzia wapi?" Akafikiri kidogo. "Na nilitaka uanze wewe. Tarehe thelathini ingefika, ningeanza mimi."

Kisha akaniambia kitu ambacho hakijanitoka. Kwamba siku zote hizo porini, kabla hakijavunjika, alikuwa akikitoa kisu akiwaonyesha wenzake, akisema shemeji yangu amekifua.

Aprili 25

Mdogo wangu amekuja. Hakukaa. "Mume wangu nimemwita Shoka mwezi mzima. Watoto wamemwita Shoka. Kwa ajili yako, kaka." Nikasema nisamehe. Akasema, "Nitakusamehe, wewe ni kaka yangu, nitafanya nini. Lakini leo siwezi." Akaondoka. Amesahau mwavuli wake, sijui nimpelekee au nisubiri aufuate. Nimeuegesha mlangoni.

Aprili 28

Miwani amewaambia watu. Sikumkataza. Wateja wawili wamechukua mapanga yao bila kunoa. Mmoja amebaki, akanigongea panga lake kwa ukucha mbele ya macho yangu, akasikiliza kwanza, ndipo akanipa. Ana haki.

Aprili 30

Mpole amekuja na kipande cha springi, amekiokota mwenyewe sijui wapi.

"Nifanyie kingine, shemeji. Kigumu tu. Sura haina shida."

Yeye amevuta mvukuto, mimi nimefua. Nilitunisha ubavu, nikazamisha kwenye mafuta. Kabla sijakigusa nilimpa yeye akigonge kwa ukucha. Akasikiliza. Akanipa na mimi nisikilize.

Mei 2

Mvua zimekwisha. Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Wajukuu, mkilikuta, ukurasa wa kwanza ni uongo. Chuma nimepasua mara nyingi kama fundi mwingine yeyote, na kile cha Mpole kilipasuka mkononi mwangu, majini, saa nne asubuhi. Kilisema *ti*. Nilisikia.